Hodi Niliyoifuta Kwenye Kijitabu cha Kura

Kazi yangu ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, katika chumba cha nyuma cha maktaba chenye meza moja, viti vinne na mashine ya kunakili inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Jana, Ijumaa, nilistaafu. Mtacheka, maana nina miaka kumi na minane tu, lakini neno ni la Bi Salma mwenyewe. Alikata keki akasema mtu akiacha kazi anayoijua kuliko wanaomfuata, huyo amestaafu, na umri ni mambo ya daktari.

Ninyi wawili mtakaokalia kiti changu kuanzia wiki ijayo mliniomba niwaeleze kazi inavyokwenda. Jana nilijaribu kwa mdomo. Mliona yaliyotokea: nilisema "hii ni stepla" kisha nikaenda kuosha vikombe. Kwa hiyo nimechukua daftari langu la kila siku, nimeokota humo yanayowahusu, na moja ambalo linanihusu mimi zaidi.

Mji wetu mdogo, hapa Maryland, Marekani, umebanwa kati ya Adelphi na Takoma Park. Dereva wa basi akipiga mwayo ameshaupita. Kila baada ya miaka miwili tunachagua madiwani, na hata asiye raia anapiga kura hiyo, mradi anaishi hapa. Ndiyo maana karani wa mji hutoa kijitabu. Kila mgombea ana ukurasa mmoja: picha juu, maneno yake chini, yasiyozidi mia mbili na hamsini. Kihispania na Kiamhari ofisi ina watu wake. Kiswahili kiliongezwa mwaka nilioanza, kikaangukia maktaba, yaani Bi Salma na wanafunzi wa kujitolea, yaani mimi.

Bi Salma alifundisha shule ya msingi Tanga, akaja huku kulea wajukuu. Wajukuu wakakua, akabaki na kalamu nyekundu. Siku hiyo ya kwanza hakuniuliza jina. Alinisukumia ukurasa wa mgombea wa zamani.

"Soma, kisha niambie anataka nini."

Nilisoma. Bwana yule alitaka mji wetu ujitoe Maryland uwe nchi, na daraja la miguu liwe mpaka.

"Nafikiri anatania," nikasema.

"Nimekuuliza anataka nini. Sikukuuliza wewe wafikiri nini."

Nikasema anataka daraja la miguu liwe mpaka. Akaniambia nivute kiti. Huo ndio ulikuwa usaili.

Baadaye alinipa sheria yake, ambayo mtaiona imebandikwa juu ya swichi ya taa: *Usimvishe, usimvue.* Maana yake, mgombea akija kwenye karatasi na suti, mtoe na suti. Akija na kaptula, mtoe na kaptula. Ofisi ya karani nayo hugonga muhuri chini ya kila ukurasa kusema maneno haya yamechapwa kama yalivyoletwa. Nilidhani sheria hiyo ni rahisi. Haikuwa na kitu cha kukariri.

Vifaa ni vichache. Kamusi haina kurasa za mwisho, kwa hiyo maneno ya Z mtayapata kichwani mwa Bi Salma. Ukutani kuna orodha ya maneno tuliyokubaliana. Msiibadilishe ovyo. Tulibishana wiki mbili kama tuandike "kata" ya Watanzania au "wadi" yetu Wakenya, mwishowe tukaandika "mtaa wako" na hakuna aliyefurahi, ndipo tukajua tumepata. Penseli kwanza, kalamu baadaye. Na ukimaliza ukurasa, msomee kwa sauti mtu anayeosha vyombo. Akiacha kusugua akuulize "ati nini?", rudia sentensi hiyo. Mimi nilikuwa namtumia mamangu. Ni msaidizi wa wagonjwa, akirudi shifti hana subira ya sentensi ndefu.

Sasa wagombea. Wengi ni watu wa takataka, miti na maegesho, na hao watawachosha kuliko wengine. Wanaowakumbusha kwamba mko hai ni wale wa pembeni. Mmoja alileta sentensi moja tu: "Mnanijua." Niliitafsiri nikiwa nimesimama. Mama mmoja aliomba tumchague kwa sababu paka wake hajawahi kukosea katika kuchagua marafiki. Bwana mwingine, penye nafasi ya kazi, aliandika: "Nafikiria." Wote hao niliwatoa kama walivyokuja, wala sikujiuliza watachekwa au la. Nakiri ni kwa sababu sikuwajua.

Mzee Elinami nilimjua.

Alikuwa anaishi jengo la tatu kutoka kwetu, apatimenti zilezile. Mpare, dereva mstaafu wa ubalozi, mwembamba, daima shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inasimama. Kila wiki alipita mlango hadi mlango akipiga hodi. Hakuuza kitu, hakuhubiri, hakuomba chumvi. Alipiga hodi, ukajibu "karibu," akasema "nimeshakaribia, siku njema," akaenda mlango wa pili. Wengine waliita meneja. Mamangu, aliyekuwa akilala mchana, alisema, "Huyu mzee atanipigia hodi mpaka kwa jeneza."

Mimi nikiwa peke yangu nyumbani sikujibu. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango nimeshika pumzi, kama mwizi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Yeye, baada ya hodi ya tatu, alisema kwa upole kabisa: "Redio naisikia, mjukuu. Basi mpo. Siku njema."

Kila uchaguzi aligombea, na kila uchaguzi akawa wa mwisho. Mwaka wangu wa kwanza kazini ukurasa wake ulikuja kwa mkono, kwa Kiingereza, kwa sababu, alisema, serikali huandikiwa kwa lugha yake. Huu hapa. Nautafsiri leo kama nilivyopaswa kuutafsiri siku ile:

"Jina langu Elinami. Niliendesha magari ya ubalozi na sikumgonga mtu. Mkinichagua, mji utaajiri mtu mmoja wa kupiga hodi. Atapita kila mlango wa kila jengo mara moja kwa wiki. Atapiga hodi mara tatu. Kwetu, hodi ya tatu isipojibiwa unaondoka, ndiyo adabu. Hapa isipojibiwa asiondoke. Mimi niliondoka kwa jirani yangu wa namba 304, nikasema amelala. Siku ya tano wakaja watu wenye glavu. Nilikuwa na adabu mbaya. Sina ahadi nyingine. Habari za takataka wagombea wenzangu wamezieleza vizuri."

Ukurasa ulikuja Alhamisi. Tarehe ya mwisho ilikuwa Jumatatu adhuhuri. Bi Salma alikuwa hospitali, anatengenezwa goti, na kwa simu alikuwa ameniambia, "Nakuamini, mwanangu, malizia wewe." Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama walikuwa wanakunywa chai kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Kanisa letu ni dogo, mtu akicheka kwenye chai anasikika hadi madhabahuni. Mama mmoja alisimama, akajivuta kola, akagonga meza ya maandazi.

"Hodi, hodi, hodi! Nipeni kura niwaamshe!"

"Atagonga hadi kwa Rais," mwingine akasema.

"Na Rais atajificha nyuma ya mlango kama sisi," mamangu akasema, na hapo kila mtu akacheka hadi chai ikamwagika.

Mimi nilikuwa nimebeba sinia. Nilimwona akilini, shati jeupe, ukurasa mzima wa hodi na glavu na maiti ya namba 304, umetundikwa kwenye kila sanduku la barua kwa lugha yetu, na hawa mama wakiusoma kwa sauti. Mimi najua kuchekwa. Nilipofika shule hapa nilisoma kwa sauti mara moja darasani, na baada ya hapo sikusoma tena mwaka mzima. Kisha kuna malezi: mtu mzima hafunuliwi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi niliona nguo iko mkononi mwangu.

Nilirudi nyumbani nikaandika hivi:

"Mimi ni Elinami, dereva mstaafu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Nikichaguliwa nitaimarisha ustawi na usalama wa wazee katika makazi yetu kwa kushirikiana na wadau wote. Pia naunga mkono juhudi za usafi wa mji."

Nilimsomea mamangu akiwa anaosha sufuria. Hakuacha kusugua.

"Ni nani huyo?" akauliza mwishoni.

"Mzee Elinami."

"Aah. Kumbe akitulia anaongea vizuri."

Jumatatu nikapeleka. Ofisi ikagonga muhuri wake chini: kama yalivyoletwa. Hawakuwa na mtu wa kusoma Kiswahili, walituamini sisi. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nawaambia hili ili mjue kwamba kosa kubwa halitawauma siku mnapolifanya. Siku hiyo mtalala vizuri.

Vijitabu vilifika kwenye masanduku ya barua, na kura za mapema zikaanza. Alhamisi moja, Bi Salma alikuwa amerudi na fimbo yake, tunapanga notisi za kuzolewa kwa majani makavu, mlango ukagongwa.

"Hodi."

"Karibu, kaka," Bi Salma akasema.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu."

Mzee Elinami alikuwa ameshika kijitabu, amekikunja kwenye ukurasa wake. Hakukaa. Alikiweka mezani, akakilainisha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye picha.

"Picha ni yangu," akasema. "Shati ni langu. Huyu anayezungumza ni nani?"

Bi Salma alichukua kijitabu, akasoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Kisha akaniangalia. Mimi niliangalia stepla. Naweza kuwachorea stepla ile hata leo, ina alama ya kutu upande wa kushoto.

"Ni kosa la chumba hiki, kaka," Bi Salma akasema. "Mimi ndiye mkubwa wa chumba. Niwie radhi."

"Wewe ulikuwa hospitali, bibie. Habari tulizipata."

"Hata hivyo. Tutatoa karatasi ya masahihisho, leo hii. Tutaibandika hapa maktaba na kwenye majengo."

Mzee Elinami akakichukua kijitabu. "Watu wameshaanza kupiga kura. Hao watarudishiwa kura zao?"

"La."

"Basi acheni. Watasema mzee amekuja kulalamika. Kura ya pole siitaki." Akakunja kijitabu akakitia mfukoni. Mlangoni akageuka. "Miaka yote wananicheka kwa Kiingereza, sikujali. Wenye Kiingereza chao hodi hawaijui. Nikasema safari hii kipo Kiswahili. Safari hii watanielewa."

Akaondoka. Bi Salma hakunigombeza. Angenigombeza ningelia na ingeisha. Tulimaliza notisi za majani. Alipokuwa anavaa koti akasema, akiwa amenipa mgongo, "Ulimvisha."

"Nilimwonea huruma."

"Najua. Nenda ukamwambie yeye hivyo."

Sikwenda. Hili ndilo nililotaka mlijue, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kusema. Kosa la kwanza nililifanya kwa huruma. La pili, kumwacha mwanamke mwenye fimbo aombe radhi kwa kosa langu, nililifanya kwa haya tu, na haya si kitu cha kujivunia, ingawa watu huwaambia wasichana ni pambo. Kila wiki nilisema nitakwenda. Daftari langu lina "kesho kwa Mzee E." mara nyingi kuliko neno lingine lolote, ukiondoa "hesabu".

Akawa wa mwisho tena. Ila safari hii kitu kingine kilitokea: hodi zikakoma. Wiki ya kwanza nilidhani anaumwa. Wiki ya tatu mamangu, amelala mchana mzima bila kuamshwa, alitoka chumbani akasema, "Kumekuwa kimya sana, ama?" kisha akaenda kuchungulia kwa dirisha kama anayemtafuta mtu.

Ndipo nilipokutana na Mama Odette kwenye ngazi. Ni Mkongo, wa Bukavu, anaishi peke yake jengo letu, ghorofa ya pili. Kiingereza hana, Kifaransa anacho lakini hakuna wa kumjibu. Nilimshikia mifuko.

"Mutoto, ni weye unafanyaka ile papier, ile karatasi ya kura?"

"Ndiyo, mama."

"Niliisoma yote. Ule mzee wa hodi, sasa mbona alikatala kupita?"

"Sijui, mama." Nilikuwa najua.

"Voisin, jirani yangu, ananiambia eti alikuwa candidat, mugombea. Mi nasema, hapana. Picha niliiona, ndiyo, lakini maneno ilikuwa ya ONG, ya mashirika ya misaada. Wale wanasemaga 'wadau, wadau', kisha hauwaonagi tena." Akasimama kupumua, mkono kwenye ukuta. "Kuna wiki mi sisemi na mtu. Ni yeye tu. Anasema hodi, mi nasema karibu, anaenda. Ile ilikuwa inanitosha wiki yote. Kama aliandika ataleta hodi, ningemupa voix, kura yangu. Na wale wamama wote wa ghorofa ya tatu. Tungemupa."

Nilimbebea mifuko hadi mlangoni. Nikasema asante, ingawa yeye ndiye aliyetakiwa kuisema, nikashuka.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na ninyi mkielewa hili hamtahitaji kamusi. Nilimficha mzee kwa akina mama wa chai, wale wenye familia nyumbani, watu ambao hodi inawakatiza usingizi. Na kwa kumficha kwao, nilimficha pia kwa Mama Odette. Katika mji mzima, waliokuwa wakisoma Kiswahili peke yake, bila Kiingereza cha kuwasaidia, ndio haohao waliokuwa wakikaa nyuma ya milango wakisubiri mtu agonge. Ukurasa ule ulikuwa barua yao. Niliifungua, nikaandika nyingine, nikawapelekea.

Miaka miwili iliyofuata nilifanya kazi vizuri, bila majigambo. Notisi za theluji, za mabomba, za mbwa waliopotea. Uchaguzi wa pili ulipofika nilimwambia karani wa mji anipigie simu ukurasa wa Mzee Elinami ukiletwa, saa yoyote. Siku ya mwisho ya kujiandikisha nilikaa kwenye kiti cha ofisi yake baada ya shule mpaka saa kumi na moja, wanapofunga. Alikuja yule wa "Nafikiria", akakumbuka ameacha picha nyumbani, akakimbia, akarudi. Alikuja mama wa paka. Saa kumi na moja karani akageuza kibao mlangoni.

"Unamsubiri nani?" akaniuliza.

"Mgombea."

"Wamekwisha."

Kijitabu kile cha pili Bi Salma hakukigusa kwa kalamu nyekundu hata mara moja. Ndicho kilicho bora nilichowahi kufanya, nacho kina ukurasa mmoja pungufu.

Jana, baada ya keki, niliwapa ninyi funguo na orodha ya ukutani. Bi Salma alinisindikiza kituo cha basi, pole pole, fimbo mbele. Vuli nakwenda chuo, kule Fairfax, si mbali, lakini mnajua ni basi na treni na basi tena. Basi lilipokuwa linakaribia akaniambia, "Bado anaishi palepale, wajua."

"Najua."

"Basi safari njema," akasema, kana kwamba Fairfax ni ng'ambo.

Leo asubuhi, saa tatu na nusu, nilipita nyuma ya majengo mawili, nikapanda hadi ghorofa ya tatu. Namba 304 ina mkeka mpya na baiskeli ya mtoto. Mlango wa Mzee Elinami ndio unaofuata. Sauti yangu mnaijua ilivyo ndogo. Nilisema hodi, ikatoka kama swali. Nikasema hodi ya pili. Mlango wa jirani ukafunguka kidogo ukafungwa. Nikasema hodi ya tatu, na miguu yangu, iliyolelewa vizuri, ikageuka yenyewe kuelekea ngazi.

Nikaigeuza. Nikapiga ya nne, kwa ngumi.

"Nani?" Sauti ilitoka mbali, chumba cha ndani.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Nikaulizwa hilo moja, nikajibu hilo moja.

"Ni Mwende, babu. Yule aliyezungumza kwenye picha yako."

Nikasikia friji yake ikizima. Nilikuwa na ukurasa wake mfukoni, ule niliowaandikia hapo juu, wenye glavu na namba 304. Kisha nikasikia kandambili zikija, zikasimama upande wa pili wa mlango, karibu kabisa, pale ninaposimama mimi nikijificha kwetu.

"Ngoja," akasema. "Nivae shati."

Nikangoja.